Husna si Usnea: sauti zinazofanana, asili zisizojuana

Jioni moja mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, sebuleni kwa jamaa zangu, kiongozi wa wapanda mlima aliyekuwa ameshuka Rwenzori siku hiyo hiyo alitupitishia simu yake tuone picha. Theluji ilikuwa kidogo, matope yalikuwa mengi, na katikati yake kulikuwa na picha za msitu wa ajabu: miti iliyopinda kama wazee, na kwenye kila tawi nyuzi ndefu za rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, zimening'inia kama ndevu. "Hizi tunaziita Usnea," alisema. Wasichana wawili waliokuwa wakila chapati mkekani waliinua vichwa kwa pamoja. Wote ni akina Husna, mmoja wa nyumba ile na mwingine wa jirani. Yule mkubwa akauliza, "Mjomba, kumbe mlimani kuna majani yenye jina letu?"

Kiongozi alimwambia kwamba yale si majani. Kuhusu jina hakuwa na jibu. Basi wasichana wakachukua simu ya mama, wakatafuta maana za majina, na baada ya dakika chache wakaja na hukumu: Husna ni uzuri, Usna ni uzuri, Asna ni uzuri, kwa hiyo Usnea nayo ni uzuri. Wazungu waliona mmea unaopendeza wakaupa jina la Kiarabu. Watu wazima tuliokuwepo tulitikisa vichwa kukubali, na chai ikaendelea.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu hukumu ile ilikuwa na kweli moja iliyozungukwa na makosa. Kweli ni kwamba Usnea ni neno lililotoka katika Kiarabu. Ila kitu chenyewe si mmea, neno halina maana ya uzuri, na Husna hana undugu nalo hata kidogo. Asubuhi niliwaeleza wale wasichana kwa kirefu, na hapa naeleza tena, maana naona wazazi wengi wanachagua majina ya watoto kwa njia ile ile ya sauti kufanana.

Nyumba yenye wakaaji wawili

Ukipanda Rwenzori kutoka Nyakalengija unapita kwanza msitu mnene, kisha mianzi, na ukikaribia mita 3,000 unaingia katika ukanda wa miti ya Erica. Mahali pengi duniani Erica ni kichaka cha kufika magotini au kiunoni. Rwenzori inakua kuwa mti mzima, unaotembea chini yake bila kuinama. Hapo mvua haichoki, ukungu hauondoki, na ndipo Usnea inapojaa mpaka gome la mti halionekani.

Kiumbe cha namna hii wataalamu wanakiita laikeni. Ukikiona unadhani ni mmea, kwa sababu kimekaa juu ya mti na kina ukijani. Lakini laikeni ni makazi ya pamoja. Anayejenga nyumba ni kuvu, ndugu wa mbali wa uyoga. Anayepika ni mwani wa seli moja. Mtu wa Zanzibar akisikia mwani anafikiria ule unaolimwa baharini kwa kamba na vigingi. Huu wa laikeni ni mdogo mno, hauonekani bila hadubini, na umefichwa ndani chini ya gamba la kuvu. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, kuvu hula sehemu ya sukari hiyo, na kwa upande wake kuvu huupa mwani pa kukaa, unyevu, na kinga dhidi ya jua kali.

Mswisi Simon Schwendener ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1867, na wataalamu wengi wa laikeni wa zama zake walimpinga kwa ukali. Walikuwa wametumia maisha yao kuorodhesha laikeni kama viumbe kamili, kila kimoja na jina lake, na sasa mtu anakuja kuwaambia kwamba kila jina lina wakaaji wawili. Schwendener alikuwa sahihi. Mwaka 2016 timu ya Toby Spribille iliongeza kwamba katika laikeni nyingi kuna mkaaji wa tatu, kuvu nyingine ya aina ya hamira iliyojificha katika gamba la nje. Yaani kwa karne nzima na nusu watu walihesabu wakaaji wa nyumba ile bila kumwona aliye nyuma ya mlango.

Kiswahili chetu kina neno moja linalonifurahisha hapa. Ukungu ni ule unaofunika bonde asubuhi, na ukungu ni ule unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Usnea, kwa upande wake mmoja, ni jamaa ya ukungu wa pili unaoishi kwa kunywa ukungu wa kwanza. Haina mizizi. Haina mishipa ya kupandisha maji. Inanyonya unyevu kutoka hewani kwa mwili wake wote, na jua likiwaka inakauka hadi kukatika mkononi kama jani la tumbaku, kisha ukungu ukirudi inalainika na kuendelea na maisha. Tawi la mti kwake ni pa kujishikiza tu. Nimewahi kusikia wakulima wakisema ndevu hizi zinanyonya mti mpaka unakufa, lakini hazinyonyi. Hupenda matawi makongwe kwa sababu zenyewe zinakua polepole sana, na mti mkongwe ndio uliozipa muda wa kutosha.

Kwa kuwa inakunywa hewa, inakunywa na uchafu wa hewa. Mwaka 1970 David Hawksworth na Francis Rose walichapisha kipimo cha kukadiria moshi wa salfa nchini Uingereza kwa kuangalia tu laikeni zilizo juu ya magome ya miti. Palipo na moshi mwingi hapakuwa na kitu ila ukijani mwembamba. Usnea ndefu zilikuwa upande wa pili kabisa wa kipimo, kwenye hewa safi. Kwa hiyo yule anayerudi kutoka Rwenzori na picha za ndevu ndefu amerudi pia na ushahidi juu ya hewa aliyoivuta.

Sasa tufike kwenye jina. Kanuni za kimataifa za kutaja mimea na kuvu zinasema jina la laikeni ni jina la kuvu yake. Unaposema Usnea, kwa sheria unamtaja mjenzi peke yake. Mwani aliye ndani ana jina lake mwenyewe, Trebouxia, na aina za Trebouxia zinapatikana katika laikeni nyingine nyingi pia. Ni kama sisi tunavyosema tunakwenda kwa Mzee fulani, ilhali anayewasha jiko pale kila siku ni mtu mwingine mwenye jina lake na ukoo wake. Jina la nyumba halikwambii wote waliomo. Niliwaambia wale wasichana walishike hilo, maana litarudi.

Uzi mweupe

Kiongozi wetu alikuwa na picha moja ambayo mwanzoni hatukuielewa. Ilionyesha kipande cha Usnea kilichoangushwa na upepo, amekishika ncha mbili akakivuta taratibu. Gamba la kijani lilikuwa limekatikakatika kama pete, na ndani yake uzi mweupe ulikuwa umenyooka bila kukatika. Hicho ndicho kipimo cha haraka cha kuitambua Usnea. Kuna laikeni nyingine zinazoning'inia na kufanana nayo kwa mbali, lakini ukizivuta hukatika tu. Usnea ina uzi wa katikati unaovutika kama mpira. Sura ya nje inaweza kukudanganya, uzi haudanganyi.

Majina yenye asili ya Kiarabu yamejengwa kwa namna inayofanana na hiyo. Irabu ndizo gamba. Zinabadilika, zinakatika, zinavaa sura mpya kila lugha inapozipokea. Ndani yake kuna uzi wa konsonanti, mara nyingi tatu, na maana imefungwa kwenye uzi huo. Ukitaka kujua kama majina mawili ni ndugu, usisikilize wimbo wake. Vuta gamba utazame uzi.

Husna, basi. Aliyepita madrasa atalitamka kwa herufi zake: ha ile ya kooni, sini, nuni. Uzi huo umebeba wema, ubora na uzuri, na Husna ni umbo la kike la "bora kabisa" au "zuri kabisa". Ndilo neno lililo katika Asmaul Husna, majina mazuri kabisa ya Mwenyezi Mungu, ambayo watoto wa Kiislamu kutoka Bombo hadi Arua huyakariri. Uzi huo huo unapita kwa Hassan, aliye mwema au mzuri, na kwa Hussein, ambalo ni umbo la udogo la jina hilo hilo. Uganda kuna akina Hassan Wasswa na Hussein Kato wengi: kwa Kiganda Wasswa na Kato ni pacha wa kwanza na wa pili wa kiume, na familia za Kiislamu zikaongeza juu yake jozi ya wajukuu wa Mtume. Majina mawili kwa kila mtoto, na kila jozi ina mantiki yake.

Uzi huu haukuishia kwenye majina ya watu. Kila unaposema "kwa hisani yako" umeushika. Mfadhili anayeitwa mhisani ameushika. Na neno tunalolitumia kuliko yote, asante, lilianza kama ahsanta, yaani "umefanya vyema", kwa ha, sini na nuni zile zile. Nilipowaambia hivyo, Husna mdogo alikaa kimya kidogo, kisha akasema kila mtu anapomshukuru mwenzake basi amemtaja yeye. Si mbali na ukweli.

Usnea ina uzi gani? Neno lake la asili ni ushna. Linaanza kwa alifu, si ha, na katikati lina shini, si sini. Kiarabu cha vitabu vya tiba vya kale kiliita ushna vile vitu vinavyoota juu ya magome ya miti kama nywele na magamba, yaani laikeni na jamaa zake wa sura. Hakuna uzuri ndani yake wala wema. Ni jina la kitu, kama tunavyosema ukoka au mwani. Waandishi wa Ulaya wa Zama za Kati walipotafsiri vitabu vile kwenda Kilatini walikutana na shini, ambayo Kilatini hakikuwa na herufi yake, wakaandika s. Hapo ndipo ushna ikaanza safari ya kufanana na Husna. Baadaye mtaalamu wa mimea wa Oxford, Johann Jacob Dillenius, akalitumia Usnea katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1741, na limekaa katika sayansi mpaka leo.

Nusu ya pili ya mfanano huo tumeitengeneza sisi wenyewe. Kiganda hakina raha na h mwanzoni mwa neno, na ndiyo maana Hassan mara nyingi husikika kama Asani. Husna naye akipita katika midomo mingi ya Kampala hubaki Usna. Mlatini amekata shini upande ule, Mganda ameangusha ha upande huu, na maneno mawili yaliyoanza safari mbali mbali yakakutana Kasese mbele ya sahani ya chapati.

Kuna jina la pili la Kiarabu la laikeni hizi ambalo Mswahili atalielewa karibu bila tafsiri: shaibatul ajuzi, mvi za ajuza. Ajuza tunaye, ni bibi kizee. Na shaibu tunaye, mzee aliyekwisha kuota mvi. Lakini hapo pia kuna mtego, kwa sababu akina Shaibu wengi wa Uganda hawakuitwa hivyo kwa sababu ya mvi. Jina lao ni la Nabii Shuaibu, na ndani yake kuna aini ya kooni ambayo neno la uzee halina. Mtoto wa siku saba hawezi kupewa jina la mvi, na hakupewa. Ni masikio yetu tu yaliyoiangusha ile aini njiani.

Mtego mkubwa zaidi, ambao ningependa kila mzazi aujue, ni wa sini na swadi. Kwa Kiswahili zote mbili tunazitamka na kuziandika s. Kwa Kiarabu ni herufi mbili tofauti, na ukiweka swadi mahali pa sini umebadilisha uzi mzima: ha, swadi na nuni hubeba maana ya ngome, kuta, kujilinda. Kutoka huko tulipata husuni, yaani ngome. Pale Kilwa Kisiwani yapo magofu ya jumba la karne ya 14 linaloitwa Husuni Kubwa, na sultani anayehusishwa na ujenzi wake ni al-Hasan bin Sulaiman. Hasan alijenga Husuni. Ukiandika kwa herufi zetu unaapa kwamba jumba limeitwa kwa jina la mwenyewe. Ukiandika kwa Kiarabu unaona sini kwa mjenzi na swadi kwa jengo, na undugu unayeyuka.

Ndivyo ilivyo pia kwa Muhsina na muhsana. La kwanza lina sini, ni mwanamke atendaye wema. La pili lina swadi, ni mwanamke aliyehifadhiwa heshima yake, neno ambalo msomaji wa Kurani amelikuta katika Suratun Nisaa. Yote mawili ni mazuri, lakini hayasemi kitu kimoja. Na Hasina ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linaweza kwenda njia zote mbili: kwa sini ni mzuri, kwa swadi ni imara kama boma lisilovunjwa. Kwa hati za kitambulisho cha taifa huwezi kujua. Lazima umwulize aliyeliandika mara ya kwanza.

Nyuzi ambazo hazipo

Nikiishia hapo nitawapotosha watu kwa njia mpya, waanze kutafuta konsonanti tatu katika kila jina la Uganda. Kuna Usnea ya tropiki iitwayo Usnea baileyi ambayo ukiikata katikati hukuti ule uzi mgumu uliojaa. Unakuta mrija mtupu. Ni ya ukoo ule ule kwa sura ya nje, imejengwa kwa namna tofauti ndani. Na baileyi haina maana yoyote ya kuchimbua: ni jina la Bailey, mtaalamu wa mimea wa Queensland kule Australia, lililovalishwa mwisho wa Kilatini kwa heshima yake.

Wakonzo, wenyeji wa miteremko ya Rwenzori, wana majina yanayopima kitu kingine kabisa: nafasi ya mtoto katika uzazi wa mama yake. Mtoto wa kiume wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Binti wa kwanza ni Masika. Akizaliwa mtoto wa jinsia nyingine baada ya mfululizo wa jinsia moja, huitwa Muhindo. Sasa mweke Mswahili mgeni mbele ya familia hiyo. Masika atamdhania alizaliwa wakati wa mvua za masika. Thembo atamtafutia ndovu, au pombe ya mnazi. Na Kule! Kiongozi wetu ni Kule, na alitusimulia jinsi karani mmoja aliyetoka mbali alivyomwuliza jina, naye akajibu, na karani akauliza tena kwa upole, "Kule wapi?" Ikabidi amweleze kwamba hapo hapo, mbele ya meza.

Masika anaweza kuzaliwa katikati ya kiangazi. Jina lake halisemi lolote juu ya mawingu. Linasema mama yake alikuwa hajapata binti mwingine kabla yake, na hilo kwa familia ni habari kubwa. Mtu akimpa maana ya mvua, hata kwa nia njema, amemwondolea nafasi yake ya kwanza.

Kwa Kiganda irabu moja inatosha kukuhamisha. Mukisa ni baraka, bahati njema. Mukasa ni jina la lubaale, yaani mungu wa jadi, wa ziwa Nalubaale (Viktoria), ambaye hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe katika visiwa vya Ssese, na leo linavaliwa na Wakristo na Waislamu vile vile kama jina la kurithi. Nimeona orodha za majina zikiyaweka mahali pamoja chini ya "baraka". Ukifanya hivyo unampokonya Mukasa ziwa lake. Kiganda kina pia urefu wa irabu na kupanda na kushuka kwa sauti, vitu ambavyo maandishi ya kawaida hayavionyeshi vyote, kwa hiyo mtu anayejifunza majina kwa kuyasoma tu, bila kumsikia Mganda akiyatamka, anakosa sehemu ya jina.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo nililiona kwa kutazama ramani iliyokuwa ukutani. Kilele kirefu kuliko vyote cha Rwenzori, mita 5,109, kinaitwa Margherita. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya lulu. Uganda inaitwa Lulu ya Afrika. Mtu angeweza kuandika shairi zima juu ya lulu iliyo juu ya Lulu. Lakini Mwitalia Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipofika juu mwaka 1906 hakuwa akifikiria lulu. Alikipa kilele jina la malkia Margherita wa Italia, na kilele cha jirani akakiita Alexandra, kwa malkia wa Uingereza. Maana ya neno ni kitu kimoja, na sababu ya kulitoa ni kitu kingine. Orodha za majina hukupa ile ya kwanza. Ile ya pili iko kwa watu.

Kufanana kunapoingia mwilini

Nilidhani mazungumzo yamekwisha, kisha mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza kama ndevu zile zinaotesha nywele. Swali lake ni la zamani mno. Linnaeus mwenyewe, mwaka 1753, aliiita moja ya hizi Lichen barbatus, yaani yenye ndevu, na karne nyingi kabla yake na baada yake watu walishikilia kwamba kinachofanana na kiungo hutibu kiungo hicho. Ulaya katika karne ya 17 ilifika mahali ambapo ukoga ulioota juu ya fuvu la binadamu uliuzwa na wauza dawa kwa jina la usnea. Sura imefanana, basi dawa imepatikana. Ni kosa lile lile la wasichana wetu na sauti, ila hili linamezwa.

Usnea ina dawa kweli, na haina uhusiano na nywele. Ina asidi ya usiniki, ambayo Mjerumani Wilhelm Knop aliitenga mwaka 1844, na ambayo huipa laikeni hii rangi yake ya umanjano na kijani. Asidi hiyo huzuia baadhi ya bakteria kukua, ndiyo maana imetumika katika krimu na dawa za kupaka. Lakini ukiimeza ni habari nyingine. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu waache kutumia vidonge vya kupunguza uzito vyenye asidi hii baada ya baadhi ya watumiaji kuharibika ini. Kwa hiyo nilimwambia mzee kwa heshima zote kwamba ndevu za mlima aziache mlimani. Kiongozi akaongeza kwamba huko juu ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na urithi wa dunia tangu 1994, na kwamba hata kile kipande alichokivuta kwa ajili ya picha alikiacha pale pale kwenye matope.

Mama wa Husna mdogo alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, na sinia la vikombe mkononi. Jina lake ni Hasina. Maisha yake yote aliambiwa maana yake ni mrembo, na mumewe humtania kwalo. "Na mimi je?" aliuliza. "Sini au swadi?" Sikuwa na namna ya kumjibu. Baba yake alikuwa Mnubi wa Bombo, amekwisha kutangulia mbele ya haki, na alikuwa na desturi ya kuandika kuzaliwa kwa kila mtoto kwa mkono wake katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu chake cha dua. Kitabu kiko kwa kaka yake. Alimtumia ujumbe.

Picha ilifika saa tatu usiku. Wino ulikuwa umefifia na ukurasa umeliwa na mchwa pembeni, lakini mstari wa tano ulisomeka: ha, swadi, ye, nuni, te. Hasina aliipanua kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda, akamwonyesha binti yake ile herufi yenye tumbo. Kisha akapiga simu Bombo, kumwuliza shangazi yake mkubwa siku ile nyumbani kulikuwa na nini hata baba akaona mtoto aitwe boma.